Shaaban Robert: Karani wa Tanga aliyepanda zao la pili

Januari inapokaribia, mkulima wa Soni, Mlalo au Bumbuli huanza kupiga hesabu. Kabichi iliyoko shambani itanunua sare na madaftari. Viazi mviringo vitatoa nauli na mahitaji ya mtoto aliye bweni. Karoti zikipata bei nzuri Dar es Salaam, kitabaki kidogo cha mbegu na mbolea. Nyuma ya hesabu hiyo kuna tumaini la siku nyingi: mtoto akimaliza shule apate kazi ya ofisini, na mshahara wake uitoe familia katika kutegemea mvua na bei ya dalali.

Swali ambalo huulizwa mara chache ni kitu gani hubaki baada ya miaka thelathini au arobaini ya mshahara huo. Katika Mkoa wa Tanga, ambamo milima ya Usambara imo, alikuwapo mtu ambaye maisha yake yanalijibu swali hilo kwa uwazi. Huyo ni Shaaban Robert.

Wengi wanamjua kama mshairi waliyemsoma shuleni. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa karani wa serikali kwa muda wa miaka 34, akihamishwa kutoka idara moja hadi nyingine, akilea watoto kwa mshahara wa karani Mwafrika wa zama za ukoloni. Yeye mwenyewe alikaa chini akaitazama safari hiyo, akaiandika katika vitabu viwili: Maisha Yangu, na Baada ya Miaka Hamsini. Ni hesabu ya kazi na familia ya mtu aliyetoka shule akiwa kijana na kugeuka nyuma akiwa mtu mzima. Mkulima au mfanyabiashara mdogo akiipitia hesabu hiyo, atakuta mambo mengi yanayomhusu.

Mtoto wa Machui

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, sehemu za Machui, kusini ya mji wa Tanga. Wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyao, lakini yeye alikulia pwani katika lugha na desturi za Waswahili. Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilikuwa imekwisha kupita Mombo, chini ya milima ya Usambara, na mashamba ya mkonge yalikuwa yakitanda katika nchi tambarare. Tanga ulikuwa mji wa bandari, maghala na ofisi, na kila ofisi ilihitaji mtu anayejua kusoma, kuandika na kutunza daftari.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza walichukua nafasi ya Wajerumani. Kati ya mwaka 1922 na 1926 kijana Shaaban alisoma Dar es Salaam. Alipofanya mtihani wa kumaliza shule alishika nafasi ya pili kati ya watahiniwa 11. Idadi hiyo ndogo inaonyesha cheti kilivyokuwa na thamani. Leo vijana wanaomaliza kidato cha nne ni wengi mno na ajira za ofisini hazitoshi. Mwaka 1926 aliyekuwa na cheti alitafutwa na kazi.

Karani kwa miaka 34

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika Idara ya Forodha, na aliifanya tangu mwaka 1926 hadi 1944. Miongoni mwa vituo alivyofanyia kazi ni Pangani, mji wa zamani wa biashara kwenye mlango wa mto wa jina hilo. Karani wa forodha huona biashara kwa jicho ambalo mkulima halipati kwa urahisi. Anaona kitu kilivyotoka shamba, kilivyopimwa, kilivyotozwa ushuru, na jina la mtu aliyekisafirisha. Anajifunza kwamba mzigo usioandikwa ni sawa na mzigo usiokuwapo.

Mwaka 1944 alihamishiwa idara iliyoshughulikia wanyama, huko Mpwapwa, bara kabisa. Reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuwa bado hazijaunganishwa, kwa hiyo kuhama kutoka pwani ya Tanga hadi Mpwapwa ilikuwa safari ndefu yenye gharama na taabu. Mtumishi wa leo aliyewahi kupewa barua ya uhamisho ghafla, akaacha nyumba na shamba la mihogo lililokuwa karibu kuvunwa, anaielewa hali hiyo bila kuelezwa zaidi.

Mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya jimbo hadi mwaka 1952. Kisha akaingia Idara ya Upimaji na kubaki huko mpaka mwaka 1960. Katika miaka hiyo yote utumishi wa serikali uligawanywa kwa rangi. Mzungu alikuwa na ngazi yake ya mshahara, Mhindi yake, na Mwafrika yake ya chini kabisa. Bidii na akili havikutosha kumvusha mtu mstari huo. Shaaban Robert aliingia kazini akiwa karani, akaitumikia serikali zaidi ya miongo mitatu, na ukarani ukabaki kuwa kazi yake.

Hapa ndipo penye fundisho la kwanza la kiuchumi. Mshahara una dari, na dari hiyo huwekwa na mwenye ofisi. Mtu anaweza kufanya kazi mara mbili ya mwenzake na bado akapata kilekile kilichoandikwa katika ngazi yake. Shaaban Robert aliliona jambo hilo mapema. Hakuacha kazi, kwa sababu alikuwa na watoto wa kulisha, lakini pia hakuiacha kazi hiyo iwe shamba lake pekee.

Ofisi ya jimbo na matuta ya Usambara

Ofisi aliyoingia mwaka 1946 inawahusu watu wa Lushoto moja kwa moja. Wilaya hiyo ilikuwa chini ya Jimbo la Tanga, na taarifa za Usambara zilipelekwa kwa wakuu wa jimbo. Mwaka huohuo wa 1946 serikali ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, ambao baadaye ulienezwa sehemu nyingine za milima. Wakulima waliamriwa kukata matuta katika mashamba yao ya miteremko.

Nia ya kuzuia mmomonyoko haikuwa mbaya, kwani udongo wa Usambara kweli huteremka na mvua. Tatizo lilikuwa namna mpango ulivyoletwa. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake ambao ndio waliokuwa wakilima chakula. Kuchimba matuta kulifukia udongo wa juu wenye rutuba na kuleta juu ule usiozaa vizuri. Aliyekaidi alikabiliwa na adhabu. Watu wakahofia pia kwamba mashamba yao yangechukuliwa. Malalamiko yalizidi mwaka hadi mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa.

Mwaka 1951, wakati manung'uniko hayo yakiendelea milimani na yeye akiwa bado katika ofisi ya jimbo, kilitoka kitabu chake cha Kusadikika. Kinasimulia habari za nchi ya kubuni iliyo angani, ambako mtu anashtakiwa kwa sababu ya kutaka sheria na haki zifundishwe, na ambako wajumbe waliotumwa kutafuta mambo ya kuifaa nchi huishia kuadhibiwa. Wasomaji wengi tangu hapo wamekichukua kuwa kioo cha utawala wa kikoloni, uliopenda kuamuru kuliko kusikiliza. Mkulima wa Mlalo wa wakati ule angeitambua nchi hiyo bila kuoneshwa ramani.

Zao la pili

Kuandika ndiko kulikokuwa zao la pili la Shaaban Robert. Alikulima nje ya saa za ofisi, msimu baada ya msimu, kama mwalimu wa kijijini anavyolima viazi vyake jioni baada ya kufunga darasa. Lugha ndiyo ilikuwa ardhi yake. Alizaliwa nayo, hakuikopa kwa mtu, na aliilima kwa uangalifu.

Lakini zao bila soko haliwezi kumnufaisha mkulima. Soko la Kiswahili lilipanuka kwa sababu ambazo yeye hakuzianzisha. Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ziliunda kamati ya pamoja ya kusanifisha Kiswahili, ili vitabu vya shule viweze kutumika katika nchi zote nne. Mwaka 1948 likaanzishwa shirika la vitabu la Afrika ya Mashariki, lenye makao yake Nairobi. Kwa lugha ya biashara, soko lililokuwa limegawanyika kwa lahaja liliunganishwa kwa kiwango kimoja. Shaaban Robert alikuwa tayari na bidhaa bora wakati soko hilo lilipofunguka. Aliingia mwenyewe katika kamati ya Kiswahili na vyombo vingine vya lugha, jambo linalofanana na mkulima anayeingia katika kamati ya chama cha ushirika ili ajue bei inavyopangwa.

Mavuno yalianza kuonekana. Pambo la Lugha, kitabu cha mashairi, kilichapishwa Afrika ya Kusini mwishoni mwa miaka ya 1940. Maisha Yangu kikatoka mwaka 1949. Baada ya Kusadikika kikafuata Adili na Nduguze mwaka 1952. Mwaka 1958 jarida la kamati ya Kiswahili lilichapisha Wasifu wa Siti binti Saad, habari za mwimbaji mashuhuri wa Unguja. Inafaa kukumbuka kwamba Siti alitoka Fumba katika familia ya wafinyanzi na alitembea akiuza vyungu kabla ya sauti yake kumpeleka hadi Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert alipochagua maisha ya mtu wa kuyaandika, hakuchagua gavana wala tajiri. Alichagua mchuuzi wa vyungu.

Sifa nazo zilikuja. Alipewa tuzo ya uandishi ya Margaret Wrong, na serikali ya Uingereza ikampa nishani ya M.B.E. Alikuwa pia mjumbe wa baraza la mji wa Tanga. Hata hivyo sifa na kipato ni vitu viwili. Mwandishi yuko mwanzo wa mnyororo mrefu: baada yake kuna mchapishaji, mpiga chapa, msafirishaji, muuza duka, na shule inayonunua. Kila mmoja huchukua sehemu yake kabla senti haijarudi kwa aliyetunga. Mkulima wa kabichi wa Lushoto anaujua mnyororo huo, maana bei anayopewa shambani si ile inayolipwa na mlaji Kariakoo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Shaaban Robert alijaribu kuufupisha mnyororo. Alijiingiza katika uchapishaji hapohapo Tanga, na vitabu kama Insha na Mashairi, mwaka 1959, na Almasi za Afrika, mwaka 1960, vikatoka kwa jina la Art and Literature. Ilikuwa hatua ya ujasiri kwa mtu anayekaribia kustaafu. Kuchapisha kunataka mtaji wa karatasi na kiwanda cha chapa, na fedha hurudi polepole, nakala moja moja. Mtu anayesindika matunda yake mwenyewe badala ya kuyauza mabichi kwenye tenga anapita njia ileile: faida inaweza kuwa kubwa zaidi, lakini mtaji na hatari vyote vinahamia mabegani mwake.

Nyumba na watoto

Hesabu ya kazi haikamiliki bila hesabu ya nyumba. Mke wake wa kwanza, Amina, alifariki mapema na kumwachia watoto wadogo. Shairi alilomwombolezea ni miongoni mwa yanayokumbukwa sana katika Kiswahili. Kwa karani anayeweza kuhamishwa wakati wowote, kifo hicho hakikuwa huzuni ya moyo peke yake. Kilikuwa pia pigo kwa uchumi wa nyumba, kwa kuwa kazi ya mama katika familia haiandikwi katika hati ya mshahara, na huonekana ukubwa wake siku inapokosekana.

Kwa watoto hao aliandika tungo mbili za mawaidha. Utenzi wa Hati ulikuwa wa binti yake, na Utenzi wa Adili wa mwanawe wa kiume. Vilikuwa wosia wa mzazi aliyejua kwamba anaweza asiwepo siku watoto watakapohitaji ushauri. Baadhi ya mafundisho yake kwa binti ni ya zama zake, na msomaji wa leo anaweza kuona wajibu wa mke umebebeshwa uzito mkubwa. Lakini kitendo chenyewe ni cha kutafakariwa. Baba ambaye hakuwa na mashamba makubwa ya kugawa aliwaandikia watoto alichokuwa nacho, akakiweka katika maandishi ili kisipotee kwa masimulizi.

Alioa tena, familia ikakua, na mzigo wa matumizi ukaongezeka pamoja nayo. Ndiyo maana miaka 34 ya utumishi isichukuliwe kuwa uoga wa kujitegemea. Mshahara ulikuwa chakula cha mwezi na uandishi ulikuwa akiba ya mbele. Watu wengi wa Usambara wanaishi hivyo hivyo hadi leo: mmoja katika nyumba ana kazi ya mwezi, na shamba la mteremkoni linalipa yale ambayo mshahara haufikii.

Jambo hilo lilikuwa likimzunguka akilini. Katika riwaya yake ya Utubora Mkulima anamsimulia mtu aliyekuwa na kazi ya mshahara, ambaye baada ya vita anaamua kuiacha na kwenda kuishi kwa jembe. Watu wanamshangaa, lakini yeye anaona heshima na uhuru katika ardhi. Mtunzi mwenyewe alibaki ofisini karibu maisha yake yote ya kazi, lakini alimpa mkulima nafasi ya mbele kabisa katika kitabu, wakati ambapo vijana wenye cheti walifundishwa kuliona jembe kama adhabu.

Mavuno baada ya kifo

Kazi ya serikali ilikwisha mwaka 1960. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na yeye akauona. Lakini mapumziko hayakuwa marefu. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, na akazikwa Machui alikokulia. Kutoka siku ya kustaafu hadi siku ya kufa haikufika hata miaka mitatu.

Tazama sasa kilichofuata. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini vilitolewa pamoja mwaka 1966. Mwaka 1967 vikatoka Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru. Mwaka 1968 vikafuata Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote. Sehemu kubwa ya mazao aliyoyapanda ilikomaa mwenyewe akiwa kaburini. Vitabu hivyo viliingia shuleni na vyuoni, vikachapwa tena na tena. Dar es Salaam kuna mtaa na shule ya sekondari yenye jina lake.

Mshahara ulikoma alipotoka ofisini. Vitabu havikukoma. Hii ni tofauti iliyopo kati ya kipato cha mwezi na rasilimali: kimoja hulipa siku unazofanya kazi, na kingine huendelea kuzaa hata mwenye nacho asipokuwapo. Mparachichi uliopandwa vizuri, shamba la kahawa lililotunzwa, msitu mdogo wa mbao ulio na mipaka inayojulikana, ni ndugu wa vitabu hivyo.

Lakini rasilimali inayozaa baada ya kifo huleta swali la pili: nani anayevuna? Kwa kazi za uandishi, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mtu aliyefariki mwaka 1962, muda huo unaishia mwaka 2012. Ndani ya muda huo kipato cha warithi hutegemea mikataba iliyosainiwa: kama mwandishi aliuza mswada moja kwa moja, au alibakiza mrabaha kwa kila nakala. Sahihi moja ya haraka inaweza kuamua maisha ya watoto kwa nusu karne.

La kuchukua nyumbani

Mkulima wa Lushoto anaweza kudhani mikataba ni mambo ya waandishi. Sivyo. Anayeuza kabichi ikiwa bado shambani kwa bei ya kukisia, au anayekubali magunia ya lumbesa kwa sababu ya shida ya siku moja, anauza mswada wake bila mrabaha. Mzee anayelima shamba la urithi bila mipaka kuandikwa, bila watoto kujua kipi ni cha nani, anaacha kazi ambayo itavunwa na mwenye nguvu au na gharama za kesi ya ardhi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na karani wa forodha angekuwa wa kwanza kukubaliana nao.

Kumpeleka mtoto shule kunabaki kuwa uamuzi mzuri. Bila miaka ile minne ya Dar es Salaam, kijana wa Vibambani asingeweza kuwa alivyokuwa. Kinachohitaji kubadilishwa ni matarajio. Cheti kilimpa Shaaban Robert kiti ofisini, na kiti hicho kikawa na dari. Kilichomvusha dari hiyo ni kile alichokifanya kando, kwa nyenzo aliyoijua tangu utotoni, bila kuacha kwa miongo mitatu.

Mtoto wa Soni atakayepata ajira mjini naye ana kitu anachokijua tangu utotoni: udongo, mbegu, maji ya mfereji, msimu wa mvua za vuli na masika. Akikitupa kwa sababu amepata mshahara, atastaafu akiwa na barua ya shukrani. Akikitunza kando, kwa daftari, kwa mipaka na kwa makubaliano yaliyoandikwa na familia yake, atakuwa na la kuwasimulia wajukuu atakapofikisha miaka hamsini na kugeuka kuangalia alikotoka.